Mashine ya presha ni ya zege, si ya ukuta wa chokaa

Huku Uingereza, baridi ikishapungua, mitaa inaanza kunguruma. Watu wanatoa mashine zao za maji ya presha na kuosha njia ya gari iliyo mbele ya nyumba. Miezi ya mvua za rasharasha na jua hafifu huacha ukoga wa kijani juu ya zege, na ukoga huo unateleza kama bamia. Mzee akitoka asubuhi kupeleka taka anaweza kuvunjika nyonga. Watu hawaoshi kwa fahari tu.

Kazi yenyewe ina taratibu zake. Unafagia kwanza, kwa sababu kokoto ikirushwa na maji inavunja kioo. Unatumia ncha inayotawanya maji kwa upana, unaishika kiasi cha sentimita 30 kutoka chini, unaanzia upande wa juu kuelekea mferejini, na kila mstari unaupandisha kidogo juu ya uliotangulia. Mashine ndogo ya nyumbani hutoa maji kwa presha ya baa 100 au zaidi, wakati tairi la gari dogo lina baa 2 na kitu. Ukiisogeza ncha karibu mno, maji yanayotiririka yanabadilika rangi: yalikuwa ya kijani, sasa ni ya kijivu. Kijivu kile ni saruji yenyewe inayoondoka. Kokoto zinaanza kuchungulia, na msimu unaofuata ukoga unashika upesi zaidi kwa kuwa umepata pa kujishikiza.

Kama zege linaliwa hivyo, itakuwaje kwa ukuta wa chokaa wa nyumba yetu ya mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar?

Nauliza kwa sababu mtoto wa kaka yangu ameniandikia: "Shikamoo Ami. Kontena likija usisahau mashine ya presha. Ukuta wa nyumba ya bibi umekuwa mweusi, tunataka tuuoshe kabla ya Ramadhani." Ni ombi la kijana anayeipenda nyumba yao, na limenifurahisha. Lakini kwa ukuta ule nimemkatalia, na sababu naziandika hapa kwa kuwa najua wengi wetu tulio nje tunapakia mashine hizi kwenye makontena.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikanishwa kwa udongo mwekundu na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuu kisha yakazimwa kwa maji. Lipu yake ni laini na inapumua: unyevu ulioingia ukutani unapata njia ya kutoka. Ukiipiga kwa presha, kwanza unaing'oa lipu, halafu unasukuma maji ndani ya maungo ya mawe, kwenye ule udongo. Udongo ukilowa unalegea na kutoka. Chumvi iliyomo ukutani inayeyuka, na ukuta ukikauka inaganda tena karibu na uso na kuibandua lipu iliyobaki. Vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani navyo vinakaa na maji hadi vioze. Fundi akija baadaye akaziba kwa saruji, ndiyo kabisa, maana unyevu unafungiwa ndani.

Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu, mimi sichezi na kuta za zamani.

Na ule weusi, kabla ya kuusugua, utazamwe umetoka wapi. Mara nyingi ukifuata doa kwenda juu unakutana na mfereji wa paa uliotoboka au bomba lililoachana. Ukiosha bila kuziba hapo, masika ijayo doa linarudi palepale.

Wazee wetu walikuwa na njia inayoendana na jengo lao. Ukuta mkavu unasuguliwa kwa fagio la chelewa au kumbi la nazi, taratibu, mabamba yaliyolegea yanaondolewa, kisha unapakwa chokaa nyembamba, mkono juu ya mkono, na kila mkono unasubiriwa ukauke. Chokaa ni kali, inaua kuvu huku ikiung'arisha ukuta. Ramadhani za miaka hii zinaangukia wakati wa kaskazi, jua ni kali, kwa hiyo ipakwe alasiri ukuta ukiwa kivulini na umeshanyunyiziwa maji. Ikikauka haraka mno inakuwa unga mkononi. Na kama lipu imebomoka, msiguse kabla hamjazungumza na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyopo tangu 1985 kwa kazi hiyo.

Mashine nitaituma hata hivyo, ila itakwenda Fuoni kwa kaka, ambako kuna uwanja wa zege na gari la kuosha. Kaka ajue kwamba inakula lita 300 na zaidi kwa saa, kwa hiyo tangi la lita 1,000 halifiki mbali. Maji ya kutoka tangini yaje kwa mpira mpana, usio na mkunjo, kwani pampu ikinyonya hewa inaharibika. Kijana nimemtumia pesa za chokaa na za fundi wa mfereji, na fundi ndiye aanze.