Nilivyorudi shambani Suffolk na detekta, safari hii nikiwa na mwanangu

Mwanangu ana miaka 12 na ana tabia ya kupekua. Juni mwaka huu alikuwa akitafuta betri za rimoti kwenye droo ya chini ya kabati letu, akaibuka na kopo kuukuu la mafuta ya mgando. Ndani mlikuwa na pamba, na ndani ya pamba sarafu ya fedha nyembamba kama ganda la kitunguu. Mtoto mwingine angeuliza, "Hii ni nini?" Yeye aliuliza, "Baba, hii ni ya nani?"

Nilimwambia airudishe nitamweleza baadaye. Mama yake alinitazama tu. Alikuwa anajua.

Nianze nyuma kidogo. Nilipofika Uingereza nikitokea Morogoro, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee karibu na mji mdogo wa Diss, pale ambapo mto Waveney unatenganisha Norfolk na Suffolk. Ni nchi tambarare, ngano na shayiri hadi macho yanapoishia, na makanisa ya mawe kila kijiji. Jumapili hakuna pa kwenda. Mfanyakazi mwenzangu akaniuzia detekta yake ya zamani kwa bei ya kirafiki.

Kama hujawahi kuiona, fikiria kile kifaa ambacho walinzi hukupitishia mwilini mlangoni mwa benki, ila hiki kina mpini mrefu na sahani ya duara chini. Sahani inatuma mawimbi ya sumaku ardhini. Yakikuta chuma, shaba au fedha, nayo inajibu, na wewe unasikia mlio masikioni. Unatembea taratibu ukipepesua sahani kushoto na kulia kama mtu anayefyeka nyasi. Ikilia, unachimba. Mara nyingi ni kizibo cha soda.

Huwezi kuingia shamba la mtu bila ruhusa yake. Mimi niliipata kwa njia ya bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia, aliyepita miaka 90. Mwanawe alikuwa mkulima, akija kumwona kila Alhamisi. Bibi ndiye aliyemwambia, "Mruhusu kijana huyu." Mkulima akanipa masharti matatu: funga geti, fukia kila shimo, nionyeshe kila unachopata. Kikiwa na thamani tugawane nusu kwa nusu.

Basi kila Jumatatu asubuhi, nikimsaidia bibi kuvaa soksi, alikuwa akiniuliza, "Umepata nini shambani kwetu?" Nami nilimpelekea: risasi ya gobore, kifungo cha koti la mwanajeshi, kiatu cha farasi. Alikuwa akivishika kwa muda mrefu kuliko vilivyostahili.

Eneo lile lina sifa yake. Kilomita chache kutoka Diss kuna kijiji cha Hoxne, wenyeji hutamka "Hoksen". Novemba 1992 mkulima wa hapo alipoteza nyundo shambani, akamwomba Eric Lawes, mtunza bustani mstaafu, amtafutie kwa detekta yake. Lawes akaanza kutoa sarafu za dhahabu, vijiko vya fedha, mikufu. Kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu tusingeliweza: akaacha kuchimba, wakatoa taarifa. Wataalamu walikuja siku iliyofuata wakatoa vilivyobaki kwa mpangilio wake. Kwa sababu hiyo tunajua kwamba sarafu zile za Kirumi, 14,865 kwa idadi, zilizikwa ndani ya sanduku la mbao, na kwamba ndani yake mlikuwa na visanduku vidogo vyenye makufuli madogo ya fedha. Angeendelea kufukua peke yake hadi jioni, leo tungekuwa na lundo la mali tu. Na nyundo? Ilipatikana pia. Ipo British Museum, London, pamoja na hazina.

Hadithi hiyo nilikuwa naijua vizuri. Nilikuwa nikiwasimulia watu.

Miaka minane iliyopita, Jumapili moja ya Septemba, detekta ililia mlio mwembamba, safi. Nikachimba kina cha kiganja, nikaona duara la kijivu. Sura ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, waridi nyuma ya kichwa chake, na upande wa pili juu ya ngao mwaka 1578. Ni peni sita ya fedha. Niliwaza kwamba sarafu hii ilikuwa na miaka 15 Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593.

Wiki hiyo mama yangu alikuwa amelazwa, na simu kutoka nyumbani zilikuwa hazikatiki. Mzazi mwenzangu uliye mbali na kwenu unajua simu hizo. Sikwenda kwa mkulima. Nilikwenda Norwich kwenye duka la sarafu za zamani, muuzaji akaigeuza, akauliza swali moja, kwa upole kabisa: "Imetoka wapi?" Nikasema nimesahau kitu kwenye gari, nikatoka. Sikuwa na gari.

Mama alipona kwa michango ya ukoo. Sarafu ikabaki mfukoni mwangu. Jumatatu bibi akauliza kama kawaida umepata nini, nikasema, "Hakuna, bibi, jana kulikuwa na mvua." Detekta nikaisukuma chini ya kitanda. Miezi michache baadaye tulihamia London, na nikiulizwa kwa nini niliacha mchezo ule nilisema ni kazi za shifti.

Haya yote nilimsimulia mwanangu Agosti, kwa sababu hakuacha kuuliza. Aliuliza pia kama ni wizi. Nilianza kumweleza sheria, kwamba sarafu moja peke yake kwa kawaida haihesabiwi kuwa hazina; kwamba kwa Sheria ya Hazina ya 1996, ukipata mbili au zaidi za dhahabu au fedha zenye miaka zaidi ya 300, una siku 14 kutoa taarifa kwa ofisa yule yule anayechunguza vifo vya ghafla. (Usiniulize kwa nini Waingereza wameunganisha vifo na hazina.) Akanisikiliza mpaka mwisho. "Lakini ulimwambia utamwonyesha," akasema.

Mwishoni mwa Septemba tukapanda treni ya Norwich kutoka Liverpool Street, saa moja na nusu hivi hadi Diss. Ngano ilikuwa imevunwa, mabua mafupi yanang'aa, kunguru wamejaa. Nilikuwa nimempigia mkulima simu kumwambia nakuja, sikumwambia kwa nini. Mwanangu alibeba detekta mgongoni. Mimi nilibeba kopo.

Mkulima amezeeka. Alitukaribisha jikoni, akaweka birika. Nikalifungua kopo juu ya meza na kusema nilichokuja kusema, kwa sentensi fupi, maana ndefu zilikuwa zinanikimbia. Alichukua sarafu, akaenda nayo dirishani. Alikaa huko muda ambao chai ilipoa.

Kisha akauliza, "Ulichimba wapi hasa?"

Nikasema karibu na ule mwaloni. Halafu nikasema, au ni upande wa chini, kuelekea mtoni. Shamba lile ni kubwa kuliko viwanja vingi vya mpira vikiunganishwa, na kusema kweli nilikuwa sikumbuki. Akasema baba yake alikuwa akiamini palikuwa na njia ya miguu ya zamani ya kwenda kanisani, iliyolimwa na kupotea, na kwamba wamekuwa wakijiuliza ilipita wapi. Kitu kama hiki, pale pale kilipokuwa, kingekuwa dokezo. Sasa ni sarafu tu.

Halafu akasema, bila kunitazama, "Mama angefurahi kuishika." Bibi alifariki mwaka uliofuata baada ya sisi kuondoka.

Sikuwa na la kusema na sikusema. Mwanangu alikuwa akitazama viatu vyake.

Mkulima hakuitaka sarafu. Alitaka niipeleke kwa ofisa wa Portable Antiquities Scheme, mpango unaosimamiwa na British Museum, ambao huandikisha vitu wanavyookota watu wa kawaida; daftari lao limeshapita vitu 1,500,000. Nitaipeleka, na kwenye mahali ilipopatikana wataandika jina la kijiji na si zaidi. Kuhusu ruhusa ya kurudi shambani, alimgeukia mwanangu: "Ruhusa nakupa wewe. Baba yako atakubebea sepetu."

Basi nilibeba sepetu.

Jambo moja kwa wazazi: wakati wa Vita Kuu ya Pili kulikuwa na kiwanja cha ndege za kivita za Wamarekani hapo jirani, Eye, na ardhi bado inatema maganda ya risasi. Nilimwambia mwanangu kabla ya kuwasha: ukiona kitu chenye umbo la bomu, usiguse, rudi nyuma, tupige simu polisi. Detekta haijui tofauti ya bomu na sufuria, vyote kwake ni chuma. Akakumbuka wale panya wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wanaonusa baruti yenyewe na kupita chuma chakavu bila habari, akasema tungekuja na mmoja. Na kwa mlioko nyumbani, msinunue mashine hii mkaenda nayo Kilwa Kisiwani au Kaole. Kuchimba mambo ya kale Tanzania bila kibali ni kosa tangu sheria ya 1964.

Tulitembea saa tatu. Mlio wa kwanza ulikuwa foili. Wa pili kizibo. Wa sita au wa saba ulikuwa kifungo cha shaba, bapa, bila alama yoyote; ningekuwa peke yangu ningekitupia mfukoni na kuendelea. Mwanangu alitoa simu, akapiga picha kikiwa bado udongoni, akasoma namba za ramani mara mbili kwa sauti, akaniamuru niziandike. Kisha akafukia shimo na kulikanyaga.

Jioni alipanga kila kitu kwenye meza ya jikoni, foili na vizibo vikiwemo. Mkulima alivaa miwani, akaanza na foili.