Taa ya tangi la matumbawe bila kufilisika

Nikitaja kwamba nafuga matumbawe nyumbani, swali la kwanza huwa si la samaki wala la chumvi. Ni bei ya taa. Na kweli, taa ndiyo inayowakimbiza wengi, maana moja tu yenye jina kubwa inaweza kumeza pesa ya kompyuta ya mkononi.

Jamani, tumbawe halijui chapa. Ndani ya nyama yake vinaishi vimwani vidogo sana vinavyogeuza mwanga kuwa chakula, nalo hugawiwa. Mwanga ukipungua mno, linashinda njaa. Ukizidi ghafla, au maji yakipata joto, linawafukuza wapangaji hao na kubaki jeupe, kama ilivyotokea pwani yetu mwaka 1998 wakati wa El Nino.

Baharini nyekundu humezwa na maji katika mita chache za juu. Buluu ndiyo inayozama. Kwa hiyo dukani usihesabu wati peke yake. Tafuta buluu ya kati ya nanomita 420 na 480. Chini ya taa nyeupe tupu ya Kelvini 6500 samaki wataonekana vizuri, lakini zile rangi za matumbawe zinazong'aa zitapooza.

Kipimo chenyewe huitwa PAR. Matumbawe laini yanaridhika na 50 hadi 150; Acropora na wenzake wa matawi magumu hutaka 200 na zaidi. Mita ya PAR ni ghali. Programu ya simu haitoshi kuwa mbadala, kwa sababu kihisi chake kimetengenezwa kufuata jicho la binadamu, nalo buluu hulioni sawasawa. Itumie kulinganisha kona na kona chini ya taa ileile, basi.

Zamani tuliambiwa tununue metali halaidi. Ya wati 250, ikiwaka saa 8 kila siku, inakula uniti 60 za stima kwa mwezi, na inachemsha maji juu yake! Mirija ya T5 inatoa mwanga mzuri uliotawanyika, ila huchoka ndani ya mwaka hivi na kuagiza mipya ni gharama ya kila mara.

Mimi nimechagua boksi la LED la Kichina lisilo na jina, lenye mikondo miwili, buluu na nyeupe, kila mmoja na kitufe chake cha kupunguza. Boksi limeandikwa 165, lakini nilivyolipunguza, mita ya soketi inasoma wati 70, yaani karibu uniti 17 kwa mwezi. Nimelining'iniza sentimita 30 juu ya maji, nikaanza na asilimia 20 na kupandisha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, mkono uliniwasha nifunge Arduino iigize mawio na machweo. Nikajizuia. Taima mbili za soketi zinatosha: buluu inatangulia, nyeupe inafuata, na hakuna kodi ya kurekebisha usiku wa manane.

Pesa iliyobaki nimenunulia betri ya pampu. Stima ikipotea kutwa nzima, tumbawe linavumilia giza. Maji yakisimama bila hewa, samaki wanaweza kufa kwa saa chache.