Taa za Gari Zikififia, Tafuta Kwanza Mwanga Unapotelea Wapi

Mwezi huu nataka tuongee juu ya taa za mbele za gari. Najua wengi wetu hapa Kiryandongo hatuna gari. Lakini karibu kila familia ina mtu anayeshika usukani mahali fulani, ama anayepanda gari la watu usiku kwenda kuona jamaa Tororo na Busia. Taa mbovu haichagui dereva wala abiria.

Wakenya wenzangu mnakumbuka mwaka 2008, vile tulivuka Busia na Malaba baada ya vurugu za uchaguzi, tukakaa Mulanda kule Tororo, halafu tukaletwa huku. Mjomba wangu yeye alibaki Busia, upande wa Uganda. Leo anabeba watu wa soko kwa Toyota kuukuu iliyotoka Japani. Likizo iliyopita nilimkuta ameacha kazi ya usiku na ya alfajiri, na hapo ndipo pesa ilipo. Taa zake zilikuwa kama koroboi. Duka moja la spea lilimwambia anunue taa mbili nzima, bei inayopita karo ya muhula mmoja ya binti yake anayesoma Tororo. Akiendesha hivyo hivyo, anaweza kuua mtu. Asipoendesha, mtoto anakaa nyumbani.

Msione ni jambo dogo. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, linakula karibu mita 17 kila sekunde. Pale mpakani kuna malori yameharibika barabarani, yamewekewa matawi tu kama onyo. Kuna ndugu zetu wa boda boda, na jina hilo lenyewe lilianzia huko, watu wakibebwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Wengine hawana taa ya nyuma hata moja. Ukiwaona umechelewa, hakuna breki itakayokusaidia.

Basi tuliegesha gari usiku mbele ya ukuta, tukauliza maswali manne.

La kwanza: ni taa moja imefifia ama zote mbili? Ikiwa moja, shaka balbu yake, soketi ama waya wake. Ikiwa zote, shaka betri, chaji ama vioo vya taa.

La pili: ukikanyaga mafuta, mwanga unaongezeka sana? Kama ndiyo, angalia mkanda wa alteneta kama umelegea, na vichwa vya betri kama vimeota unga mweupe. Fundi mwenye mita anaweza kupima: betri nzuri ikipumzika husoma karibu volti 12.6, na injini ikinguruma husoma kati ya 13.5 na 14.5.

La tatu: waya wa ethi uko sawa? Huu ndio unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Chukua kipande cha waya, unganisha upande wa hasi wa betri na ethi ya taa iliyofifia. Taa ikiruka kuwa nyeupe, umepata ugonjwa. Angalia tu waya huo usiguse upande wa chanya.

La nne, hili tazama mchana: kioo ni safi? Taa za siku hizi ni plastiki, na jua huifanya iwe ya njano na ukungu. Mwanga unatoka kwenye balbu lakini haufiki barabarani.

Kwa mjomba tulikuta mambo mawili. Ethi ya kushoto ilikuwa imeshika kutu pale inapofungwa kwenye bodi. Tulizima gari, tukafungua nati, tukasugua hadi chuma kikang'aa, tukakaza tena. Halafu vioo vyote viwili vilikuwa vya njano. Tulibandika utepe kuzunguka taa ili tusikwaruze rangi ya gari, tukasugua kwa msasa wa maji namba 1000, halafu 2000, tukamaliza na dawa ya meno na kitambaa. Gharama ilikuwa msasa, utepe na jasho.

Lakini msidanganyike. Msasa unaondoa ngozi inayokinga plastiki, kwa hiyo njano itarudi baada ya miezi kadhaa kama hutapaka kinga mpya. Dawa ya meno peke yake haidumu. Balbu ikiwa nyeusi kwa ndani imezeeka, badilisha zote mbili pamoja, na usiguse kioo chake kwa vidole, mafuta ya ngozi yanaipasua ikipata moto. Tena usikubali kuwekewa balbu ya wati 100 mahali pa 55 ama 60. Itang'aa, halafu itayeyusha soketi na waya. Mwisho, hakikisha taa hazitazami juu, usije ukampofusha anayekuja.

Mjomba alirudi kazini alfajiri iliyofuata. Aliniambia, "Mwalimu, kumbe mwanga nilikuwa nao siku zote, ulikuwa umefungiwa tu." Binti yake alifungua shule na wenzake.

Kwa hiyo ukisafiri usiku, zunguka mbele ya gari kabla hujaingia. Taa ikiwa hafifu, mwambie dereva kwa heshima. Na kama hajui pa kuanzia, mpe karatasi hii asome.