Nyumba ya Mtemi na Tarehe ya Sheria



Huku Uingereza majumba ya kale ya mashambani huuzwa kwa matangazo marefu. Utasoma idadi ya vyumba na ekari, bustani ya waridi, ubawa mmoja wa karne ya 17 na mwingine ulioongezwa miaka 200 baadaye kwa mtindo usiohusiana kabisa na ule wa kwanza. Kisha utasoma daraja la ulinzi wa jengo, na hilo ndilo ninalotaka mlitafakari. Sheria ya 1947 iliweka msingi wa orodha ya majengo ya kihistoria. Tangu sheria ya 1968, mwenye jengo lililoorodheshwa hawezi kulibomoa wala kubadili sura yake bila kibali, na akithubutu ametenda jinai. Kabla ya masharti hayo kukazwa, wenye mali walibomoa kwa mamia: maonyesho ya 1974 katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, yaliwakumbusha Waingereza kiasi walichopoteza. Kwa hiyo majumba yanayouzwa leo kwa fahari yapo kwa sababu watu waliandika masharti mapema. Naamini mkoa wetu wa Simiyu, Tanzania, nao unahitaji masharti yake sasa, kabla upimaji wa viwanja haujamaliza kazi.

Ushahidi ulio karibu nasi ni wa mtu mmoja mwenye makazi mawili. Maurice Egerton alirithi Tatton Park huko Cheshire, shamba lenye matuta ya bustani ya Kiitaliano, nyumba ya vioo ya mimea ya jamii ya kangaga, na bustani ya Kijapani iliyotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 20. Huko Njoro, Kenya, alijijengea kasri la mawe kati ya 1938 na 1954. Alifariki 1958 bila mrithi. Tatton aliiachia National Trust, shirika la kuhifadhi urithi, na leo halmashauri ya eneo hilo ndiyo inayoiendesha. Kasri la Njoro liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, na 1996 serikali ya Kenya ililitangaza kuwa jengo la kumbukumbu ya taifa. Wageni hulipa kiingilio, maharusi hupigwa picha uwanjani. Hapakuwa na mtoto wa kulinda chochote, lakini nyumba zote mbili zimesimama, kwa kuwa kila moja ilipata msimamizi na karatasi ya kumbana.

Sasa tujitazame. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Mlango wa mbao uliochongwa hulindwa hata ukiwa wa 1939. Basi mlango wa Pwani una kinga ambayo nyumba ya mtemi wa Ntuzu, Itilima au Kanadi iliyojengwa enzi ya Mwingereza haina, mpaka waziri aitangaze kwa jina. Utemi ulifutwa 1963, na makazi ya aina hiyo yakabaki mikononi mwa familia au ofisi za serikali. Tangu Bariadi iwe makao makuu ya mkoa 2012, ardhi ya mji ina thamani nyingine, na nyumba kuukuu kwenye kiwanja kikubwa huonekana kama kizuizi cha hati nne mpya.

Najua nitakayojibiwa. Kwamba maji, zahanati na bei ya pamba vinatangulia. Ni kweli, ila kuorodhesha si kukarabati: ni kupima jengo, kulipiga picha, kuandika mwenyewe ni nani, na kuzuia lisivunjwe kimyakimya. Halmashauri ina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu 1982. Wengine watasema watemi walikuwa mkono wa mkoloni, walikusanya kodi na kusimamia kilimo cha lazima. Hoja hiyo ni nzito kuliko ya kwanza, maana Egerton naye alijenga juu ya ardhi iliyotengwa kwa wazungu. Wakenya hawakulihifadhi kasri ili kumsifu. Mwanafunzi wa Maswa anayesoma juu ya utawala usio wa moja kwa moja anastahili kuona chumba ulimofanyika, pamoja na maelezo ya nani aliumia.

Iko pia hoja ya udongo na nyasi: nyumba zetu za kale hazidumu kama mawe. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, nje kidogo ya Mwanza, yalikwisha kuijibu. Padre David Clement na Wasukuma alioshirikiana nao walijenga banda la watemi kwa umbo la kiti cha enzi, kwa saruji, wakahifadhi humo ngoma na mavazi ya kifalme. Penye umbo linalokumbukwa, kuta zinaweza kujengwa upya. Na umbo hilo bado liko vichwani mwa wazee wa Itilima na Meatu. Maofisa utamaduni wa wilaya zote tano waanze kwao, wakiwa na daftari na futi ya kupimia, halafu orodha ipelekwe mezani kwa madiwani kabla ya bajeti ijayo.