Mchoraji Aliyekwenda Kuviona Vita



Siku moja naliwaonyesha vijana wangu picha kitabuni: mapigano ya Hochkirch, kazi ya Adolph Menzel, Mjerumani aliyezaliwa Breslau mwaka 1815. Naliwaeleza kwa mbwembwe, sauti ikipanda, jinsi Waaustria walivyoishambulia kambi ya Mfalme Friedrich wa Prusia kabla ya alfajiri, tarehe 14 Oktoba 1758. Kijiji chawaka moto. Askari wafyatua bunduki gizani. Mfalme yu juu ya farasi wake. Siku ile alipoteza watu zaidi ya 9,000. Vijana wakashangilia. Mmoja tu akauliza, “Mwalimu, huyu mchoraji alikuwako?”

Sikuwa na jibu, nikaenda kulitafuta.

Kumbe hakuwako. Mapigano yale yalitangulia kuzaliwa kwake kwa miaka 57. Habari zake alizipata vitabuni, na mavazi ya askari akayachunguza kwa bidii nyingi. Picha ikamalizika mwaka 1856, mfalme wa wakati ule akainunua.

Walakini mwaka 1866 Prusia na Austria zilipigana tena, na tarehe 3 Julai yakawa mapigano makubwa ya Königgrätz, katika nchi ya Bohemia. Menzel, mtu wa miaka 50, akafunga safari ili ajionee mwenyewe. Alipofika, mapigano yamekwisha. Aliowakuta ni majeruhi na maiti. Akatwaa kalamu ya risasi na rangi za maji, akawachora wafu waliolazwa ghalani juu ya majani makavu. Hapana mfalme, hapana farasi, hapana moto.

Tangu hapo hakuchora mapigano tena. Prusia ilipopigana na Ufaransa mwaka 1870, yeye alichora Mfalme Wilhelm akiondoka Berlin, njia imejaa watu na bendera, hakutufikisha vitani. Akafa mwaka 1905. Ile picha kubwa ya Hochkirch ilipotea mwaka 1945, katika vita vingine; karatasi ndogo za ghalani zingaliko.

Naliwarudia vijana na jibu hili, na safari hii sauti yangu haikupanda. Nalitambua ya kuwa nami nilikuwa nikivisifu vita nisivyoviona. Basi, wazazi na walimu wenzangu, mkiwasimulia watoto habari za vita, msiishie kwenye farasi wa mfalme. Wafikisheni na ghalani.