Mama Hakukosea, Fomu Ndiyo Ilikosea

Ndugu zangu, leo nawaandikia juu ya Mama na simu.

Mwaka jana jina la mdogo wangu lilikosekana kwenye orodha ya chakula. Tukaambiwa ofisini tusiende tena, malalamiko yanajazwa kwenye simu. Mama alijaza ile fomu mara tatu. Kila akifika mwisho, yanatokea maandishi mekundu ya Kiingereza, na yote aliyoandika yanafutika. Akanirudishia simu: "Mimi sikusoma, mwanangu." Nikamwamini. Miezi miwili tulikula chakula cha watu watano, nasi tuko sita.

Baadaye, kwenye mafunzo ya kompyuta hapa kambini Uganda, nikajifunza tathmini ya wataalamu. Jakob Nielsen na Rolf Molich waliieleza njia hii mwaka 1990. Watu 3 hadi 5 wenye ujuzi wanakagua programu, kila mtu peke yake, wakifuata kanuni. Nielsen alizipanga kuwa 10 mwaka 1994. Kisha wanaunganisha orodha zao na kupima uzito wa kila kasoro, kuanzia 0 hadi 4. Kwa nini asitoshe mmoja? Kwa sababu katika miradi aliyoichunguza Nielsen, mkaguzi mmoja aliona kama asilimia 35 tu ya matatizo.

Mwalimu akasema tuchague programu. Mimi nikatoa ile fomu. Tulikuwa wanne. Kumbe! Haisemi kosa liko wapi. Hairudi nyuma. Inataka namba ianze na 256, lakini haikwambii. Ile ya kufuta kila kitu, wote tuliipa 4.

Jioni nikamsomea Mama orodha yetu. Akasikiliza, halafu akauliza: "Na ile ya jina la ukoo?" Kwetu Kongo watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa. Fomu ilitaka jina moja la familia nzima. Sisi wanne hatukuliona hilo.

Kwa hiyo, nyinyi mnaotuhudumia, kabla fomu haijatufikia, iteni wakaguzi. Sisi tulimaliza mchana mmoja tu. Halafu waiteni na mama zetu. Na wewe kijana mwenzangu, mzazi akisema hakusoma, tazama simu kwanza.

Nilimwambia Mama kosa halikuwa lake. Akajibu: "Basi andika, wasikie."

Ndiyo nimeandika.