Zakayo na Zile Mara Nne

Zakayo tunamkumbuka kwa ufupi wake na kwa mkuyu alioupanda. Wakenya nao wamemtwika rais wao jina hilo kwa sababu ya kodi. Mimi hunivutia zaidi hesabu yake. Katika Injili ya Luka, sura ya 19, mtu huyu hatamki neno moja la majuto. Anatamka viwango: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa atarudishiwa mara nne. Ni kipimo cha Torati, ambamo mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja alilipa kondoo wanne. Luka hasemi hata kwamba aliiacha kazi ya ushuru. Huenda kesho yake aliketi meza ileile, safari hii akiwa na watu wa kuwalipa.

Udanganyifu ninaoujua kwa karibu ni wa saini. Mwanafunzi anamsainia mwenzake mahudhurio. Miaka michache baadaye ni mtumishi wa umma, anajaza siku tano za posho kwa safari ya siku tatu, kwa mkono uliokwisha kuzoea. Serikali ya Tanzania ilipohakiki vyeti mwaka 2017, watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wengi walistaajabia idadi. Mimi niliwaza ile miaka ya kuamka kila asubuhi kuulinda uongo mmoja, huku kila uhamisho na kila fomu ikidai uongo mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wa mwaka wa tatu alibisha hodi ofisini kwangu. Alinieleza kwamba kazi aliyoniletea mwaka wa kwanza iliandikwa na mtu mwingine. Alikuwa ameokoka, na mchungaji alikwisha kumwambia kuwa Mungu amemsamehe. "Sasa, mwalimu, zile alama nizirudishe wapi?"

Nilifungua kanuni za mitihani. Anayekamatwa ametengewa kurasa nzima. Anayejileta mwenyewe hana hata mstari.

Nikawakumbuka wale wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na upande wa Bukoba. Walijulikana kwa kuungama hadharani na kwa kurudisha walivyoiba. Walichekwa sana, na kuungama kule kulikuwa na kero zake, maana si vigumu mtu kuigeuza dhambi yake ya zamani kuwa hadithi ya kujigamba. Hata hivyo walielewa jambo ambalo madhabahu zetu za leo hulipita mbio: mazoea ya uongo hukaa mkononi na ulimini, nayo hayatoki mpaka mkono huo uzoeshwe kutoa kinachouma. Machozi ya Jumapili hukauka kabla fomu ya Jumatatu haijajazwa.

Kijana yule aliandika barua, nami nikaipeleka mbele nikimwombea huruma. Baada ya wiki kadhaa za mjadala, somo likafutwa, naye akaambiwa alirudie pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hakulalamika. Aliyelalamika ni mama yake, aliyenipigia simu siku moja baada ya mahafali.

"Mwalimu," aliniambia, "wenzake walionyamaza wamevaa joho. Huyu aliyesema kweli anarudia darasa. Mdogo wake ananiuliza, nimwambie nini?"